Maua ya buluu penye uhaba wa maji: agapanthasi, plambago au evolvulasi?

Ukiingia kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara, iwe Nairobi, Arusha, Mombasa au Dar es Salaam, ukaomba mmea wa kudumu wenye maua ya buluu na usiodai maji kila jioni, mara nyingi utaonyeshwa mmojawapo wa hii mitatu. Agapanthasi, ambayo wataalamu huiita *Agapanthus praecox*, ina majani marefu kama mikanda na kichwa cha maua juu ya bua moja refu. Plambago, *Plumbago auriculata*, ni kichaka chenye vishada vya buluu ya anga. Evolvulasi, *Evolvulus glomeratus*, ni mmea mfupi unaotandaa, wenye majani ya kijivu na maua madogo ya buluu iliyokolea. Miwili ya kwanza asili yake ni kusini mwa Afrika, wa tatu umetoka Brazili na nchi jirani zake.

Muuzaji atakwambia yote mitatu inavumilia ukame, na ni kweli. Ila kila mmoja una njia yake. Agapanthasi huweka akiba: chimba shina moja utaona tunguu fupi na mizizi minono, myeupe, minene karibu sawa na kalamu, imejaa maji. Plambago haiweki akiba ya namna hiyo. Hupeleka mizizi chini, na maji yakikatika hupukutisha majani na kungoja. Mvua ikinyesha huchipua upya kutoka chini. Evolvulasi haina akiba wala mizizi ya kwenda mbali. Kinga yake ni jani lenyewe, dogo na lenye manyoya laini ya rangi ya fedha yanayorudisha mwanga wa jua na kupunguza maji yanayopotea.

Kwa hiyo kuuliza ipi inavumilia zaidi hakukufikishi mbali. La kuuliza ni maji yako hukatika vipi, kidogo kidogo au kwa miezi mizima, na unaishi mwinuko gani.

Vigezo

Mimea yote mitatu tumeipima kwa mambo yaleyale: joto na mwinuko, udongo na upandaji, maji, umbo na saa za kuchanua, kupogoa na mbolea, kuzidisha miche, na yanayoharibika. Bei hatukuipa sehemu yake kwa sababu hubadilika kitalu hadi kitalu. Idadi ya miche inayohitajika ndiyo inayoamua gharama, nayo tumeieleza kwenye umbo.

Joto na mwinuko

Kigezo hiki kinatangulia kwa kuwa ndicho pekee usichoweza kukirekebisha. Udongo utauchanganya na maji utayabeba, lakini joto la usiku la Mombasa hutalipunguza.

Agapanthasi hupenda mchana wa jua na usiku wenye ubaridi. Kuanzia mita 1,200 hivi kwenda juu, yaani Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya, Nairobi, Nakuru na Limuru, hustawi na kuchanua bila kubembelezwa. Baridi ya Juni na Julai haiisumbui, na pale penye umande unaoganda alfajiri huunguza ncha za majani tu. Pwani huishi, tena huweka majani mabichi ya kuvutia, lakini maua huwa haba au hayaonekani kabisa. Aliyeko Dar es Salaam akishauriwa aongeze mbolea ili ichanue, anapoteza fedha, maana tatizo ni joto la usiku.

Plambago haichagui sana. Hukua usawa wa bahari na hukua Nairobi. Ukipanda kwenye baridi zaidi, hupunguza maua kati ya Juni na Agosti, na ikipigwa na umande ulioganda hufa vichwa na kuchipua tena kutoka shinani.

Evolvulasi ni mmea wa joto. Hufurahia pwani, huvumilia upepo wenye chumvi, na hukubali ukuta mweupe unaorudisha joto. Nairobi huishi vizuri miezi ya jua, lakini miezi ya mawingu maua hubaki yamefumba, kwa sababu yanahitaji jua ili yafunguke. Juu ya mita 1,800 ichukulie kama mmea wa chungu wa msimu.

Udongo na upandaji

Yote mitatu huchukia maji yaliyotuama, lakini kiwango cha uvumilivu kinatofautiana.

Agapanthasi hukubali udongo mfinyanzi iwapo maji yanapita. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, inua tuta sentimita 20 hadi 25 kabla ya kupanda. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30 na uchanganye mboji, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Shingo, yaani pale majani yanapoanzia, ibaki usawa wa udongo au izame sentimita 2 hadi 3, basi. Inayozikwa zaidi ya hapo huchelewa kuchanua, na mvua zikiwa nyingi huoza.

Plambago hupandwa kwenye shimo la sentimita 40 kila upande, na nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri. Udongo wa kawaida unaitosha. Pana shida moja inayowapata watu wa pwani waliojenga juu ya mawe ya matumbawe: majani hugeuka manjano ingawa maji yapo. Udongo wa chokaa hufunga manganizi, madini ambayo mmea huyahitaji, mmea ukashindwa kuyapata. Samadi ya ziada haiondoi tatizo hilo haraka. Nyunyiza mbolea ya majani yenye manganizi kwa kipimo cha kwenye pakiti, kisha endelea kuweka mboji na matandazo ili udongo upungue ukali wa chokaa polepole.

Evolvulasi inataka kinyume cha bustani ya mboga. Changanya ndoo mbili za udongo wa kawaida na moja ya mchanga mzito wa mto. Mchanga wa bahari uache, una chumvi nyingi hata kwa mmea unaovumilia upepo wa bahari. Samadi isizidi konzi moja kwa mche. Udongo wenye rutuba nyingi huipa majani mengi, matawi marefu malegevu, na maua machache. Tuta liinuliwe sentimita 15 hadi 20, na pwani hili si la hiari: mvua za masika zikiikuta kwenye ardhi bapa, huondoka nayo.

Maji

Hakuna hata mmoja kati ya hii unaovumilia ukame siku unapoutoa kwenye kiriba, yaani mfuko wa kitalu. Mizizi yake bado ina umbo la kiriba, haijagusa udongo wako, na jua la siku mbili linatosha kuuua. Msimu wa kwanza ni wa kumwagilia, na wengi wanaodai kuuziwa mmea dhaifu waliacha maji wiki ya pili.

Mwezi wa kwanza agapanthasi ipe lita 3 kila siku ya tatu, plambago lita 5 kila siku ya tatu, na evolvulasi lita 1 kila siku ya pili. Mwezi wa pili na wa tatu acha nafasi ya wiki nzima kwa agapanthasi na plambago, siku nne kwa evolvulasi. Mwaga asubuhi, polepole, kwenye shina. Kabla ya kumwaga chomeka kijiti sentimita 10 ndani ya udongo. Kikitoka na udongo wenye unyevu uliong'ang'ania, ngoja. Kipimo hicho kinashinda ratiba yoyote, hata hii tuliyoiandika hapa, kwa sababu udongo wa mchanga wa Kigamboni, Dar es Salaam, na mfinyanzi wa Embakasi, Nairobi, haukauki kwa kasi moja.

Mimea ikishashika mizizi, tofauti ndipo zinapoonekana. Plambago iliyotimiza mwaka hutoshwa na debe moja la lita 20 kila wiki mbili au tatu wakati wa kiangazi. Usipoipa, hupukutisha majani, huacha kuchanua, na huonekana imekufa. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, iko hai, na mvua itairudisha. Agapanthasi inaishi kwa lita 5 kila wiki mbili au tatu, na hata ukiisahau kwa mwezi haifi. Lakini ukame ukiikuta inaandaa mabua ya maua, msimu ule utavuna mabua machache na mafupi. Evolvulasi inataka lita 2 hivi kila wiki, bila kukosa. Ni maji kidogo sana kwa mmea unaochanua karibu kila siku, ila ni lazima yaje, kwani haina ghala la kuchotea.

Ndiyo maana mahali kama Dodoma, penye msimu mmoja wa mvua na miezi mingi mfululizo bila tone, evolvulasi inamtegemea mtu mwenye tangi au kisima, wakati plambago inaweza kuvuka miezi hiyo kwa kusinzia. Nyumba ya mjini inayopata maji ya bomba mara moja kwa wiki inaweza kulea yoyote kati ya mitatu.

Mmea ukilegea saa saba mchana usikimbilie ndoo. Utazame tena kesho yake kabla jua halijapanda. Ukiwa umesimama, ulikuwa unajikinga na joto. Ukiwa bado umelegea, una kiu. Na evolvulasi ikilegea asubuhi huku udongo una maji, hiyo si kiu, mizizi inaoza, na ndoo nyingine ya maji inaimaliza.

Maji ya kufulia yaliyosuuziwa nguo mara ya pili yanafaa kwa plambago na agapanthasi ukiyamwaga kwenye udongo. Yenye jiki au sabuni nzito ya unga usiyatumie kwenye mmea wowote, kwani chumvi zake hujikusanya udongoni na kuunguza kingo za majani wiki kadhaa baadaye, wakati umeshasahau sababu.

Matandazo ya sentimita 5 hadi 7 yanapunguza safari za bombani. Majani makavu au maganda ya mpunga yanafaa kwa plambago na agapanthasi, mradi yakae mbali na shingo kwa upana wa kiganja. Evolvulasi itandazie kokoto ndogo, kwa kuwa nyasi zenye unyevu chini ya matawi yake yaliyolala ndizo zinazolea kuvu.

Umbo, idadi ya miche na saa za kuchanua

Agapanthasi husimama: majani hufika sentimita 50 hivi na mabua ya maua sentimita 60 hadi 100. Hupandwa kwa umbali wa sentimita 35, kwa hiyo ukingo wa njia wenye mita 10 unataka miche 29 hivi. Kichwa kimoja cha maua hudumu wiki kadhaa kwa sababu vitumba hufunguka kwa zamu, na kikikatwa wakati robo tu ya maua imefunguka hukaa kwenye chombo wiki nzima au zaidi. Huo ndio mmea pekee kati ya mitatu wenye faida kwa anayepamba meza, kanisa au ukumbi. Lakini una msimu. Nje ya msimu unabaki na majani, mazuri kweli, lakini majani.

Plambago ni kubwa. Ikiachwa hufika mita 2 kwenda juu na upana huohuo, na ikipata ukuta au mti wa kuegemea huzidi hapo. Uzio wa mita 10 kwa umbali wa sentimita 75 unahitaji miche 14 tu. Huchanua kwa mawimbi karibu mwaka mzima mahali pasipo baridi kali, na buluu yake ni hafifu, ikionekana vizuri zaidi kivulini kwa mbali au mbele ya ukuta mweupe. Ukitaka iliyokolea zaidi, uliza aina iitwayo 'Royal Cape'.

Evolvulasi haivuki sentimita 30 kwenda juu, na hutandaa sentimita 60 hadi 90. Kwa umbali wa sentimita 40, mita moja ya mraba inataka miche 6. Ndiyo yenye buluu kali kuliko zote tatu, ile watu husimama kuuliza jina lake. Kila ua huishi siku moja, hufunguka asubuhi na kufumba mchana, huku mengine yakijiandaa kwa kesho. Anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni ataona majani ya kijivu siku tano za wiki. Wauzaji hawalitaji hili, na ndilo linalowavunja moyo wengi.

Kupogoa na mbolea

Agapanthasi haina kazi nyingi. Kata mabua yaliyokwisha chini kabisa yanapoanzia, ng'oa majani ya manjano ya nje, basi. Kila baada ya miaka minne au mitano fungu hujaa na linahitaji kugawanywa. Mbolea ni NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango sawa), gramu 30 hivi kwa fungu, yaani vijiko viwili vya chakula, mwanzoni mwa mvua, mara mbili kwa mwaka. CAN na urea, mbolea zenye naitrojeni nyingi, ziache: majani yatanenepa na maua yatapungua.

Plambago ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayokosewa zaidi. Maua yake hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Anayeikata uzio kwa mkasi wa uzio kila wiki tatu ili unyooke anakata maua ya mwezi ujao kila mara, kisha analalamika kuwa amepewa plambago isiyochanua. Fanya hivi: mara moja kwa mwaka, wiki mbili tatu kabla ya mvua, ipogoe kwa nguvu hadi sentimita 40 kutoka ardhini na uondoe kabisa matawi makavu ya ndani. Baada ya hapo, kila wimbi la maua likinyauka, punguza theluthi moja ya urefu wa matawi yaliyochanua, kisha iache. Gramu 50 za NPK kwa kichaka baada ya ule mpogoo mkubwa zinatosha mwaka mzima. Vaa glavu, tutaeleza kwa nini.

Evolvulasi ikianza kuwa wazi katikati, ikate theluthi moja, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Usishuke hadi kwenye mti mkavu usio na jani, hautachipua vizuri. Mbolea ni kijiko cha chai kwa mche kila miezi mitatu, au usiweke kabisa kama ulipanda na mboji. Hata ikitunzwa vizuri, baada ya miaka miwili au mitatu huchoka na inafaa kubadilishwa kwa miche mipya uliyoizalisha mwenyewe.

Kuzidisha miche

Agapanthasi huzidishwa kwa kugawanya, baada ya maua kwisha au mvua zinapoanza. Nyanyua fungu zima kwa uma wa bustani, oshea udongo, na ukate kwa kisu kikali au panga lililonolewa, kila kipande kibaki na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Fupisha majani hadi sentimita 20 ili yasinyonye maji kuliko mizizi iliyojeruhiwa inavyoweza kutoa. Acha vidonda vikauke kivulini siku moja, kisha panda. Usishangae ikikosa msimu mmoja wa maua. Mbegu huota vizuri zikiwa mpya, lakini utasubiri miaka miwili hadi mitatu, na rangi inaweza kutofautiana na ya mama. Kwa sababu hiyo, kitaluni nunua inayochanua au iliyotokana na kugawanya.

Plambago: chukua tawi lisilo na maua, lisilo laini sana wala gumu kabisa, urefu wa sentimita 12 hadi 15. Ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko nusu kwa nusu wa mchanga wa mto na udongo, funika kwa nailoni angavu, weka kivulini. Mizizi hutoka wiki nne hadi sita. Si vyote vitashika, kwa hiyo ukitaka 14 chomeka 25. Kichaka kikubwa pia hutoa machipukizi ya mizizini, na kuyachimba wakati wa mvua ni rahisi kuliko vipandikizi.

Evolvulasi ni rahisi kuliko zote. Vipande vya ncha, sentimita 8 hadi 10, hutoa mizizi wiki mbili hadi tatu. Au laza tawi juu ya udongo, liwekee jiwe dogo, na mwezi ukipita kata upande wa mama. Mche mmoja ulionunuliwa leo unaweza kujaza tuta zima ndani ya mwaka.

Yanayoharibika, na sababu zake

Agapanthasi yenye majani mengi na bila maua nyanda za juu huwa na moja ya sababu hizi: kivuli (inataka jua la saa sita angalau), naitrojeni nyingi, kupandwa kwa kina, au kugawanywa karibuni. Konokono hujificha kwenye makwapa ya majani mchana, watafute humo kwa mkono wakati wa mvua. Viwavi wenye pingili nyeusi na njano wakionekana, wamo ndani ya moyo wa mmea pia, hivyo fungua majani ya kati, waokote, na kata sehemu iliyolainika.

Plambago ikionyesha unga mweupe upande wa chini wa majani, ufute kwa kidole kabla ya kununua dawa. Ukiwa mkavu, wa chembechembe za chokaa, usiosogea wala kunata, ni chumvi ambazo mmea wenyewe hutoa kupitia vitundu vya majani. Si ugonjwa. Ukiwa wa pamba yenye kunata, na sisimizi wanapita, hao ni vidung'ata: nyunyiza maji ya sabuni ya kipande, kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa kwa lita moja, jioni, rudia baada ya siku saba. Majani machache yaliyotobolewa na viwavi wadogo wa kijani yaache. Ni watoto wa vipepeo wadogo wa buluu wanaozaliwa juu yake, na hawauwi kichaka.

Evolvulasi hufa kwa kuoza kuliko kwa jambo lingine lolote. Tawi moja hugeuka kahawia ghafla, kisha jirani yake, na shina la chini huwa laini. Kata hadi penye afya, ondoa matandazo, sitisha maji siku kumi. Shina kuu likiwa limeoza, ng'oa na usipande evolvulasi nyingine shimo lile msimu ule. Kuku nao huifukua, maana imelala chini na udongo wake ni mlaini.

Watoto, mifugo na jirani

Utomvu wa agapanthasi huwasha mdomo na ngozi, na mmea haufai kuliwa. Plambago ina plumbajini, kemikali inayoweza kutoa vipele kwa wenye ngozi nyepesi, ndiyo sababu ya glavu. Vikombe vya kijani vinavyoshika maua yake vina ute unaonata, na mbegu husafiri kwenye nguo na manyoya ya wanyama. Evolvulasi haijulikani kuleta usumbufu huo. Agapanthasi imekuwa gugu huko New Zealand, kwa hiyo kata vichwa kabla mbegu hazijapasuka, hasa ukiwa karibu na mto au msitu.

Uchague ipi?

Uko pwani na unataka kufunika ukingo mfupi au ukuta wa chini mbele ya nyumba: evolvulasi, kwenye tuta lililoinuka, na uwe mtu wa kuwepo asubuhi. Ukihitaji kinga ya macho mahali hapohapo, plambago, na ukague manjano ya majani kila msimu.

Uko sehemu kavu yenye kiangazi cha miezi mingi, na maji yako ni ya kununua kwa debe: plambago. Kubali kwamba miezi mingine itakuwa haina maua.

Uko nyanda za juu, unataka njia iliyopangika, kazi ndogo, na maua ya kukata: agapanthasi. Inafaa pia kwenye mteremko, kwani mizizi yake iliyosongamana hushika udongo.

Una fedha kidogo na eneo refu la kuzungushia: plambago, kwa idadi ndogo ya miche. Una fedha kidogo na kipande cha ardhi bapa: nunua miche miwili ya evolvulasi uizidishe.

Umepanga nyumba na unatumia vyungu: nyanda za juu, agapanthasi kwenye chungu cha sentimita 30 kwenda juu, tena huchanua vizuri mizizi ikibanana kidogo, ingawa mizizi hiyo inaweza kupasua chungu cha udongo. Nyanda za chini, evolvulasi kwenye chungu cha kuning'inia chenye matundu ya kutosha.

Unatoka alfajiri na kurudi usiku: agapanthasi au plambago kulingana na mwinuko.

Ukitaka kuchanganya, plambago ikae nyuma, agapanthasi mita moja mbele yake isije ikafunikwa, na evolvulasi iwe upande wa juu wa mteremko ili maji ya wenzake yasiishukie.

Agapanthasi na plambago zipandwe mvua zinapoanza kushika: Machi au Novemba Nairobi na Arusha, Desemba Dodoma. Evolvulasi ya pwani iachie masika yapite, uipande Juni, udongo ukiwa bado una unyevu wa chini na mvua kubwa zimekwisha.